Kompyuta ya parokia ikikwama: tufanye nini kabla ya kuizima kwa nguvu



Zamani si mbali sana parokia zetu ziliandika kila kitu kwa mkono, katika vitabu vikubwa vilivyofungiwa kwenye sanduku la mzee wa kanisa. Leo hata huku porini, mahali ambapo umeme ni wa sola au wa jenereta, parokia nyingi zina angalau kompyuta moja. Mara nyingi ni kompyuta ya kukunja, iliyokwisha kutumiwa na wengine kabla ya kutufikia. Ndani yake kuna orodha ya waliobatizwa, vyeti vya ndoa, hesabu ya sadaka, majina ya wajane na yatima, ripoti za kupeleka Kindu kwenye ofisi ya Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC), na orodha za walimu wa shule zetu za Kiprotestanti, wale ambao mshahara wao unategemea karatasi kufika DINACOPE (zamani SECOPE) bila kosa.

Halafu siku moja, katikati ya kazi, mashine inakwama. Kishale hakisogei, herufi haziandikiki, kioo kinabaki vilevile kama picha ukutani. Kwa lugha yetu ya kila siku tunasema imebloke. Hapo ndipo hofu inapoingia. Mmoja anabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, mwingine anaigonga mezani, wa tatu anachomoa betri.

Katika parokia moja tuliyoitembelea, karani alikuwa amefanya kazi ya majuma mengi kuingiza ubatizo wa miaka kadhaa katika faili moja. Siku hiyo mashine ilichelewa kuhifadhi faili hilo. Mtu mmoja alikosa subira, akatoa betri. Mashine ilipowaka tena, faili halikufunguka. Ilibidi kuanza upya kutoka kwenye vitabu vya zamani, na tunamshukuru Mungu kwamba vitabu hivyo vilikuwa bado havijatupwa. Kukwama kwenyewe hakukuharibu kitu. Kilichoharibu ni mkono uliokuja baada ya kukwama.

Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili hatua kwa hatua, kwa makarani, wachungaji, wakuu wa shule na vijana wanaowasaidia.

Maana ya kukwama

Tufikirie ofisi ya karani. Kuna meza na kuna kabati. Mezani karani anaweka karatasi anazozifanyia kazi sasa hivi. Kabatini anaweka vitabu vilivyokamilika. Kompyuta nayo ina meza yake, ndiyo kumbukumbu ya muda, na ina kabati lake, ndiyo diski. Barua unayoiandika bila kuihifadhi iko mezani tu. Ukibonyeza Ctrl na S kwa pamoja, inaingizwa kabatini.

Umeme ukikatika ghafula, ni kama upepo mkali ulioingia dirishani: vya mezani vyote vinapeperuka, vya kabatini vinabaki. Lakini kuna wakati mmoja wa hatari zaidi, ni ule ambao karani ana kitabu mkononi na mlango wa kabati uko wazi. Mashine ikizimwa wakati inaandika kwenye diski, faili linaweza kubaki nusu, na nusu ya faili mara nyingi haifunguki kabisa. Tena kompyuta hupenda kushika vitu mezani kwa muda kidogo hata baada ya kukuambia imehifadhi, ili iviandike vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kutoona kitu kikitendeka kwenye kioo hakumaanishi kwamba ndani hakuna kazi.

Sababu za kukwama ni nyingi, lakini kwetu zile za kawaida ni hizi. Mashine ina kumbukumbu ndogo, giga 2 au 4, na tumefungua programu nyingi mno. Au inangoja kitu kisichojibu: flashi mbovu, mashine ya kuchapa, mtandao unaokuja na kupotea. Au diski imejaa video na nyimbo hadi hakuna nafasi. Au imepata joto kupita kiasi kwa sababu ya vumbi ndani. Au ina virusi vilivyoletwa na flashi inayopita mkono kwa mkono, kutoka sekretarieti hadi shuleni na kurudi.

Kuna sababu moja zaidi inayowashangaza wengi. Kompyuta ambayo haijaona intaneti kwa miezi mingi ikifika Kindu na kuunganishwa kwa simu, Windows inaanza kujiletea marekebisho yote yaliyokuwa yakiisubiri. Mashine inakuwa nzito, inachelewa kujibu, na mwenyewe anadhani imekufa. Kumbe inafanya kazi kuliko siku zote.

Kabla ya kugusa kitu

Jambo la kwanza ni kungoja. Tazama saa, uipe mashine dakika 5. Kama ni ya zamani, dakika 10. Usibonyeze ovyo wakati unangoja, kwa maana kila kubonyeza ni amri mpya inayopanga mstari nyuma ya zile zilizokwama, na unazidi kuilemea.

Wakati unangoja, fanya mambo mawili.

La kwanza, ikiwa kioo kinaonyesha maandishi ambayo hujayahifadhi, chukua simu na uyapige picha. Barua ya ukurasa mmoja au orodha ya majina 20 inaweza kuokolewa hivyo kwa sekunde chache, hata kama baadaye mashine itazimwa. Wengi hawalikumbuki jambo hili, na ndilo rahisi kuliko yote.

La pili, chunguza kama mashine iko hai. Kwenye kibodi kuna kitufe cha Verr Maj, kile cha herufi kubwa, ambacho kwenye mashine nyingi kina taa ndogo. Kibonyeze mara moja. Taa ikiwaka na kuzimika kila unapokibonyeza, mfumo bado unasikia, na kuna tumaini la kumaliza kwa upole. Tazama pia taa ya diski, ikiwa mashine yako inayo. Kama inamemeteka, diski inaandika au inasoma: iache. Taa ya Verr Maj isipojibu kabisa, na taa ya diski imetulia kwa dakika nyingi, basi kukwama ni kwa mfumo mzima.

Neno moja kuhusu vitufe. Kompyuta zetu nyingi zina kibodi ya Kifaransa, na maneno ya kioo pia ni ya Kifaransa, kwa hiyo tutayataja kama yanavyoonekana. Lakini zile zinazoletwa kutoka Dubai mara nyingi zina kibodi ya Kiingereza. Huko Échap imeandikwa Esc, Maj imeandikwa Shift, Suppr imeandikwa Del au Delete, na Verr Maj imeandikwa Caps Lock. Kazi ni ileile.

Ngazi ya hatua nane

Tunaiita ngazi kwa sababu unaipanda hatua kwa hatua. Usiruke hadi juu. Jaribu hatua ya kwanza, ngoja dakika moja au mbili, ndipo uende kwenye inayofuata. Hatua hizi ni za Windows, maana ndiyo inayotumika karibu katika parokia zetu zote.

1. Bonyeza Échap mara moja. Wakati mwingine mashine imefungua kidirisha cha swali kilichojificha nyuma, nayo inangoja jibu lako tu.

2. Chomoa kinachoshukiwa. Kama ilikwama wakati wa kuchapa, chomoa waya wa mashine ya kuchapa. Kama ilikwama baada ya kuweka flashi, tazama kwanza taa ya flashi: ikiwa imetulia, ichomoe, ikiwa inamemeteka, ngoja. Flashi ni dhaifu kuliko diski ya ndani, kwa sababu nyingi zimepangwa kwa namna ya zamani isiyoweka kumbukumbu ya kazi iliyokatizwa. Kuichomoa wakati inaandika kunaweza kuharibu hata mafaili ambayo hukuyagusa.

3. Bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Hii inaiomba programu iliyo mbele ijifunge. Ikikuuliza kama unataka kuhifadhi, chagua «Enregistrer».

4. Bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja. Linafunguka dirisha liitwalo «Gestionnaire des tâches», orodha ya kazi zote zinazoendelea. Tafuta programu ambayo kando yake pameandikwa «Ne répond pas», maana yake haijibu. Ichague, kisha bonyeza «Fin de tâche». Utapoteza kile ambacho hukuhifadhi katika programu hiyo moja, lakini nyingine zote zitabaki salama. Ikiwa kilichokwama ni ule ubao wa chini na picha za mafaili, tafuta «Explorateur Windows» katika orodha hiyo, uichague, na ubonyeze «Redémarrer». Usifunge kitu usichokijua jina lake.

5. Kioo kikiwa cheusi, na bado unasikia feni ikizunguka, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na Ctrl, Maj na B. Kwenye Windows 10 na 11, hii inaamsha upya sehemu inayochora picha kwenye kioo. Kioo kinapepesa, mara nyingi na mlio mfupi, na kazi yako inarudi kama ulivyoiacha.

6. Bonyeza Ctrl, Alt na Suppr kwa pamoja. Kioo kinabadilika na kuleta orodha fupi. Chini, upande wa kulia, kuna alama ya kuzimia. Ibonyeze, uchague «Redémarrer».

Vitufe hivi vitatu vina historia yake. Vilichaguliwa na mhandisi wa Marekani, David Bradley, alipokuwa katika kundi dogo la IBM lililotengeneza kompyuta ile iliyotolewa mwaka 1981. Mwanzoni mpango wake ulitumia vitufe ambavyo mkono mmoja wa kushoto ungeweza kuvigusa kwa bahati mbaya. Kwa hiyo vilibadilishwa, kimoja kikawekwa mbali upande wa kulia, ili mtu alazimike kutumia mikono miwili. Hata waliotengeneza mashine walitaka kuiwasha upya kuwe tendo la makusudi, si la pupa.

7. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, kwa ufupi, kisha uondoe kidole. Kwenye mashine nyingi hii ni ombi la kulala au kuzimika kwa utaratibu. Ipe dakika 2 au 3.

8. Ikiwa yote yameshindikana, na umengoja, na taa ya diski imetulia, ndipo unashikilia kitufe cha kuwashia bila kukiachia, kwa muda wa sekunde 10 hivi, hadi taa zote na feni zizimike. Hii ndiyo kuzima kwa nguvu. Si dhambi, na mashine za leo huvumilia mara moja moja. Lakini ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Baada ya hapo chomoa chaja na flashi zote, ngoja nusu dakika, kisha uwashe.

Utaona kwamba hatukusema popote «toa betri» wala «chomoa waya ukutani». Kitufe kinatosha. Ni kompyuta kubwa ya mezani tu, ambayo kitufe chake chenyewe kimekufa, ndiyo inayoweza kulazimisha kuchomoa waya.

«Arrêter» na «Redémarrer» si kitu kimoja

Ndugu wengi wanadhani kuzima na kuwasha ni sawa na kuwasha upya. Kwenye Windows 10 na 11 sivyo. Mashine nyingi zimewekewa kile kinachoitwa «démarrage rapide», kuwaka kwa haraka. Ukichagua «Arrêter», mfumo unahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho uwake upesi. Kwa hiyo kasoro ya leo inaweza kuamka nayo kesho asubuhi. Ukichagua «Redémarrer», unaanza upya kabisa. Mashine ikiwa nzito kwa siku nyingi hata baada ya kuzimwa kila jioni, jaribu «Redémarrer» mara moja. Mara nyingi hiyo pekee inatosha.

Wakati ambao haifai kuizima

Kuna saa ambazo kioo kinaonekana kimekwama, lakini kukizima ni hasara.

Saa ya kwanza ni wakati wa marekebisho ya Windows. Kioo kinaonyesha asilimia fulani na maneno «N'éteignez pas votre ordinateur», yaani usizime kompyuta yako. Namba inaweza kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu, hata zaidi ya saa moja kwenye mashine ya zamani. Iache. Kitu cha kuangalia hapo ni umeme. Unganisha chaja, na kama unatumia jenereta, hakikisha mafuta yanatosha. Usianze marekebisho jioni wakati betri za sola zimebakiza kidogo.

Saa ya pili ni baada ya kuzima kwa nguvu. Mashine ikiwaka inaweza kuleta kioo cheusi chenye maandishi na asilimia, ikisema inakagua diski. Inajitibu. Ukiizima tena hapo, unamwondoa mgonjwa kitandani kabla daktari hajamaliza.

Saa ya tatu ni wakati wa kunakili mafaili kwenda kwenye flashi. Flashi ya bei rahisi inaandika polepole sana. Ukimaliza, usiivute tu: bofya alama yake chini ya kioo, chagua «Éjecter», ngoja ujumbe kwamba unaweza kuitoa.

Baada ya kuwaka tena

Fungua Word au Excel kabla ya jambo lingine. Programu hizi, zisipobadilishwa mpangilio wake, hujiwekea nakala ya dharura kila dakika 10. Ukizifungua baada ya ajali, upande wa kushoto unaweza kuona orodha ya mafaili yaliyookolewa. Fungua la saa ya mwisho, lisome, kisha ulihifadhi kwa jina jipya. Usilifunike lile la zamani kabla hujayalinganisha yote mawili. LibreOffice nayo huleta dirisha la kuokoa mafaili inapofunguka.

Faili la rejista likikataa kufunguka, usilihangaikie kwa kujaribu programu hii na ile. Linakili kwanza kama lilivyo, halafu mwenye ujuzi aijaribu ile nakala. Na hili tunalisisitiza: ukiweka flashi na kompyuta ikakuambia ni lazima «formater» disque hiyo kabla ya kuitumia, usikubali. Kukubali ni kuruhusu rafu zote zisafishwe. Chagua «Annuler», uiweke flashi pembeni, umtafute fundi.

Mashine ikikwama mara tatu au nne katika juma moja, inatoa onyo. Diski inayotoa sauti ya kugongagonga iko karibu kufa: siku hiyohiyo nakili kila kitu muhimu. Na kabla ya kumpa fundi, mwambie wazi, tena kwa maandishi, kwamba asifute kitu. Mafundi wengi wana njia moja ya haraka, kusafisha diski na kuweka Windows upya. Mashine inarudi nyepesi na nzuri, lakini majina ya waamini wako hayamo tena.

Umeme, joto na radi

Ni vema kuzuia kukwama kuliko kukutibu. Usiweke kompyuta juu ya kitambaa, godoro au mapaja kwa muda mrefu, kwa sababu matundu ya hewa yako chini na pembeni. Iweke juu ya meza ngumu. Siku za vumbi ifunike inapokuwa imezimwa. Acha nafasi kwenye diski: nyimbo na video za harusi ziwekwe kwenye diski ya nje. Programu moja au mbili zinatosha kufunguliwa kwa wakati mmoja.

Wanaotumia jenereta wawe na desturi moja: kompyuta inazimwa kwanza, jenereta baadaye. Kompyuta ya mezani isiyo na betri inahitaji kile kisanduku chenye betri tunachokiita onduleri. Hakikupi umeme wa kufanyia kazi, kinakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, na dakika hizo ndizo zinazookoa rejista.

Halafu kuna radi. Sisi wa mashariki tunaijua, lakini huenda hatujui jinsi ilivyo nyingi kwetu kuliko kwa wengine. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa hesabu ya radi za dunia nzima, kutokana na miaka 16 ya kutazama kwa satelaiti. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa eneo la Kabare, Kivu ya Kusini. La tatu duniani ni Kampene, hapa hapa Maniema, lenye miale zaidi ya 176 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kwa hiyo wingu jeusi likionekana, hata kama mvua bado haijaanza, hifadhi kazi, zima mashine, chomoa chaja, na uchomoe pia waya wa mashine ya kuchapa. Radi haihitaji kuipiga nyumba yako. Ikipiga mbali kidogo, nguvu yake inaweza kupita kwenye waya na kuunguza chaja au diski. Na wewe mwenyewe usishike waya radi ikishaanza kupiga karibu.

Baruku na nakala mbili

Huenda msomaji anauliza kama haya ni mambo ya mchungaji. Tunamkumbusha habari za Baruku mwana wa Neria, karani wa nabii Yeremia.

Katika Yeremia sura ya 32, nabii ananunua shamba la Anathothi kutoka kwa Hanameli, kwa shekeli 17 za fedha, wakati mji wa Yerusalemu umezungukwa na adui. Hati ya ununuzi iko mara mbili: moja imetiwa muhuri, nyingine iko wazi. Zote mbili anakabidhiwa Baruku mbele ya mashahidi, ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Nakala mbili, mtu mmoja mwenye wajibu, chombo kinachofaa. Tena wakati wa vita, wakati ambapo wengine wangeona karatasi hazina maana.

Na katika sura ya 36, mfalme Yehoyakimu anakatakata gombo kwa kisu na kulitupa motoni, kipande baada ya kipande, hadi limekwisha. Kazi yote imeteketea. Lakini yule aliyesema maneno yale alikuwa hai, na karani wake alikuwa hai. Baruku akachukua gombo jingine, akaandika tena yote, na mengine mengi yakaongezwa. Neno la Mungu halikuteketea pamoja na gombo, lakini mtu alilazimika kuketi na kuandika upya.

Sisi tuna majina ya watu. Katika nchi yetu wako wengi ambao kadi ya ubatizo ni miongoni mwa karatasi chache zinazoonyesha walizaliwa lini na wazazi wao ni nani. Ndugu waliokimbia mapigano wamefika kwetu mikono mitupu, na jina lao lililoandikwa katika kitabu cha parokia walikotoka ni kitu ambacho hawana njia nyingine ya kukipata. Mwalimu ambaye jina lake limepotea katika orodha anaweza kukaa miezi bila mshahara. Kutunza faili ni kumtunza mtu huyo.

Kwa hiyo tunashauri kila parokia ichague Baruku wake, mmoja, na msaidizi wake. Kila Jumamosi anakili mafaili muhimu kwenye flashi mbili. Moja inabaki kwa mweka hazina katika kopo linalofungwa vizuri lisiingie unyevu, ya pili inakwenda Kindu kila mara mtu anaposafiri. Flashi hizo zisitumike kwa nyimbo wala kwa kazi nyingine. Na kitabu cha karatasi kiendelee kuandikwa. Kompyuta imekuja kumsaidia, haikuja kumfukuza. Mara moja kwa mwezi, fungua nakala moja uone kama inasomeka, kwa maana nakala ambayo hakuna aliyewahi kuifungua ni tumaini tu.

Ya kubandika ukutani

Mwaweza kuyanakili maneno haya kwa mkono na kuyabandika juu ya meza ya kompyuta:

Imekwama? Ngoja dakika 5.
Piga picha ya kioo kwa simu.
Jaribu Verr Maj: je, taa inajibu?
Échap. Kisha Alt na F4. Kisha Ctrl, Maj na Échap.
Kioo cheusi? Alama ya Windows, Ctrl, Maj na B.
Ctrl, Alt na Suppr, halafu «Redémarrer».
Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa ufupi, ungoje dakika 3.
Mwisho kabisa: shikilia kitufe sekunde 10.
Usizime wakati wa marekebisho. Usikubali «formater».
Ikiwaka: okoa faili, lihifadhi kwa jina jipya, linakili.

Makarani wetu wengi wanafanya kazi hii bila malipo, jioni, baada ya shamba na shule. Wachungaji na wazee wa kanisa, msiwakaripie mashine inapokwama. Waketisheni pamoja siku moja baada ya ibada, mpitie ngazi hii kwenye mashine inayofanya kazi vizuri, kabla ya siku ya shida. Mikono iliyojaribu wakati wa amani haitetemeki wakati wa shida.

Bwana awabariki, ayalinde majina mliyokabidhiwa.